Mataifa Yanapopigana, Nani wa Kuulizwa?



Tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, Padre alisoma majina ya wafu wetu kama ilivyo desturi. Miongoni mwa majina hayo lilikuwamo la mwana-mgambo mmoja aliyeondoka hapa kwetu mwanzoni mwa mwaka 1979 kwenda vitani Uganda, asirudi. Baada ya Misa tulikaa barazani tukinywa chai, na mjane wake, ambaye mimi humwita dada kwa kuwa amenitangulia miaka michache, akaniuliza mbele ya watu wote: "Mwalimu, wewe umesoma. Mume wangu aliuawa na nani? Aliuawa na Amin, au aliuawa na Uganda, au aliuawa na dunia tu jinsi ilivyo?"

Nilijibu maneno mawili matatu ya kumfariji. Akatikisa kichwa, maana aliona kwamba sijajibu. Mhariri wetu alikuwapo, naye akaniambia, "Basi andika." Nimechukua majuma mengi, nimesoma nilivyoweza, na yaliyo chini ni matokeo yake. Mimi ni mwalimu wa shule tu, niliyefunzwa katika chuo cha ualimu, wala si mtaalamu wa mambo ya mataifa. Mkiona nimeteleza, nionyeni.

Nililoligundua kwanza ni hili: swali la dada yetu si la kijijini. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Kenneth Waltz, alitoa kitabu juu ya mtu, dola na vita. Humo aliyakusanya majibu ya wanafalsafa wa karne nyingi kuhusu chanzo cha vita, akayaweka katika mafungu matatu. Wako wanaosema vita hutoka katika moyo wa mtu: tamaa yake, kiburi chake, hofu yake. Wako wanaosema hutoka katika namna nchi inavyotawaliwa. Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1795 kwamba nchi ambamo raia huulizwa kabla ya vita itakawia kupigana, kwa kuwa raia haohao ndio watakaolipa na kufa. Na wako wanaosema kwamba hata watu wangekuwa wema na nchi zote zikatawaliwa vizuri, bado vita vingetokea, kwa sababu ya jinsi mataifa yalivyokaa pamoja pasipo mkubwa juu yao. Amin, Uganda, dunia ilivyo. Dada yetu hajakisoma kitabu hicho, lakini aliyapanga mafungu yote matatu akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Fungu la tatu ndilo gumu, nalo ndilo nitakalokaa nalo. Wataalamu huliita muundo. Ni rahisi kuelewa muundo wa nyumba, maana boriti unaziona. Lakini muundo wa mataifa uko wapi? Hakuna aliyewahi kuugusa. Je, ni kitu chenyewe, au ni neno tu la kuwasaidia wasomi kupanga mawazo yao? Na kama ni kitu, je, kinaweza kuua?

Waltz alipenda kueleza kwa mfano wa Mfaransa wa zamani, Jean-Jacques Rousseau, alioutoa katika kitabu chake cha mwaka 1755 juu ya kutokuwa sawa kwa watu. Wawindaji wachache wenye njaa wanamzingira kulungu. Kila mmoja akisimama imara mahali pake, kulungu atapatikana na wote watashiba. Mara sungura anapita karibu na mmoja wao. Akimfuata sungura atakula yeye peke yake, na kulungu atatoroka kupitia pengo aliloliacha. Tuseme si mlafi hata kidogo. Bado atajiuliza: je, na yule mwenzangu upande wa pili, akiona sungura wake, atasimama? Na kama hatasimama, mimi nimesimama kwa faida ya nani? Hapo anaanza kukimbia. Tazameni, hakuna mwovu katika hadithi hii. Kila mtu ana akili na kila mtu ana njaa. Kilichokosekana ni mtu wa kuwahakikishia kwamba wote watasimama.

Sisi wa huku Muheza hatuhitaji kulungu ili kulielewa jambo hili. Tunayo machungwa. Kila mkulima anajua kwamba angesubiri majuma machache machungwa yake yaive vizuri, na bei ingekuwa na heri. Lakini anamtazama jirani, anaona lori limesimama shambani kwake, anaogopa kwamba bei itaanguka kabla hajauza, naye anachuma mabichi. Jirani alikuwa amechuma kwa kumwogopa yeye. Bei inaanguka, wote wanalalamika, na ukimtafuta mtu aliyeiangusha humpati. Si mchuuzi peke yake, si dereva, si jirani. Hata hivyo bei imeanguka kweli, na ada ya shule ya mtoto imekosekana kweli. Waltz mwenyewe alichukua mfano wake kutoka sokoni: soko hutokea kwa matendo ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyekusudia kulifanya soko, na likishatokea huwabana wote.

Mwaka uleule wa 1979, alipokufa mume wa dada yetu, Waltz alitoa kitabu kingine, na hiki ndicho kilichobishaniwa sana. Alisema ukitaka kuujua muundo wa mataifa, tazama mambo machache tu. Je, yuko mtawala juu yao? Hayuko. Hapa niingilie kidogo. Neno la kigeni wanalotumia kwa hali hiyo, watu wengi hulifasiri kuwa ni fujo. Si fujo. Ni kukosa mkubwa. Darasa lisilo na mwalimu laweza kukaa kimya saa nzima, na nimeyaona madarasa ya namna hiyo, lakini kila mtoto ndani yake anajua kwamba akipigwa hana pa kushitaki, naye anaketi akijua hivyo. Wasomaji wa Kitabu cha Waamuzi wanaikumbuka hali hiyo katika Israeli kabla ya wafalme, kila mtu akifuata alichokiona yeye kuwa chema.

Jambo la pili, Waltz alisema, mataifa hayagawani kazi kama viungo vya mwili. Kila moja, kubwa kwa dogo, linajilinda lenyewe, linakusanya kodi lenyewe, linaweka askari wake. Jambo la tatu ni uwezo: nani anao mwingi, nani kidogo. Basi. Dini ya nchi, tabia ya mtawala wake, katiba yake, urafiki na ugomvi wake, hayo yote huyawekei hesabu unapouchora muundo.

Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Watu wa umri wangu mtanielewa. Jioni ile ya tarehe 2 Novemba 1978 tulikuwa chuoni, tumeizunguka redio moja, tukamsikiliza Mwalimu Nyerere akieleza kwamba Idi Amin ameivamia nchi yetu. Na tangu siku ile hakuna Mtanzania wa wakati ule asiyeyajua maneno matatu aliyoyashika katika hotuba hiyo: sababu, nia na uwezo. Alisema vyote vitatu tunavyo. Naye Waltz, akiwa mbali huko Marekani, anachukua mojawapo tu, uwezo, anaviacha vile viwili nje ya mlango.

Msidhani alikuwa mjinga. Alitaka kueleza kwa nini nchi zenye dini mbalimbali na watawala mbalimbali, katika karne mbalimbali, zimetenda mambo yaleyale: zimeogopana, zimejiwekea silaha, zimejiunga dhidi ya aliye na nguvu mno. Ukiona watoto tofauti kila mwaka wanafanya kosa lilelile katika hesabu ileile, mwalimu mwenye busara huacha kuwalaumu watoto, huitazama hesabu. Tena yeye mwenyewe alikiri kwamba muundo husukuma tu, haumshiki mtu mkono, na kwamba hauwezi kukuambia ni nani atampiga nani siku fulani. Zaidi ya hayo, alisema nadharia ni picha ya akilini, si kioo cha dunia yenyewe. Hilo la mwisho lilinisumbua. Kama muundo ni picha tu iliyo katika akili ya msomi, dada yetu nitamwambiaje kwamba picha hiyo ina hatia?

Aliyenisaidia hapa ni mwingine, Alexander Wendt, aliyeanza kuandika juu ya swali hilihili mwaka 1987 na kutoa kitabu kikubwa mwaka 1999. Yeye anasema muundo ni wa kweli ingawa hauonekani, lakini haukufanywa kwa silaha tu. Umefanywa kwa mambo ambayo mataifa yanaaminiana au kudhaniana. Mfano wake mmoja ni huu: Uingereza ina mamia ya mabomu ya nyuklia, Korea ya Kaskazini ina machache. Mbona Marekani inayaogopa yale machache kuliko yale mamia? Kwa hesabu ya uwezo peke yake isingekuwa hivyo. Ni kwa sababu mmoja anahesabiwa rafiki na mwingine adui. Basi kukosa mkubwa juu ya mataifa hakusemi lolote mpaka tujue wenyewe wameketi kama maadui, au kama washindani, au kama marafiki. Nia imerudi ndani.

Mfano wake mwingine unatugusa sisi zaidi ya alivyojua, nadhani. Ni ule wa bwana na mtumwa. Chukua mtu yeyote, mpime mwili, mpime akili, hutaona ndani yake kitu kinachomfanya kuwa mtumwa. Wala hutaona ndani ya mwenziwe kinachomfanya kuwa bwana. Hakuna mtumwa pasipo bwana, hakuna bwana pasipo mtumwa. Kila mmoja ni jinsi alivyo kwa sababu ya uhusiano huo, na kwa sababu ya sheria, soko, askari, na desturi ya watu wengine wote wanaokubali kwamba ndivyo mambo yalivyo.

Wengi wenu mmeingia Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, nanyi mmeoneshwa altare na kuambiwa habari za soko la watumwa lililokuwa mahali pale. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia sahihi akibanwa na Waingereza na manowari zao. Kanisa likajengwa juu yake, Askofu Steere akilisimamia. Tukisimulia habari hii huwa tunaishia hapo, kana kwamba utumwa uliisha siku ile. Haukuisha. Kilichofungwa ni soko. Bwana aliamka kesho yake akiwa bwana, na mtumwa akaamka mtumwa, wakaendelea hivyo mashambani hadi amri ya mwaka 1897 ilipoondoa hali hiyo katika sheria ya Unguja, na huku bara hadi mwaka 1922. Miaka yote hiyo muundo ulikuwa umesimama ingawa soko lake limevunjwa na watu wanaimba zaburi juu yake. Sasa ni nani atakayeniambia kwamba muundo si kitu kwa kuwa hauonekani? Waliochapwa viboko waliujua. Na ni nani atakayesema kwamba hauwezi kuondoka, kwa kuwa ndivyo dunia ilivyo? Wazee wao waliapa hivyohivyo, nao umeondoka.

Basi sasa turudi Kagera, kwa maana hapo ndipo swali lilipozaliwa.

Mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Kampala. Serikali ya Amin ilisema ni ajali ya gari. Kanisa letu humkumbuka kila mwaka katika mwezi huo. Maelfu ya Waganda wengine walikwisha kuuawa kabla yake, na kila serikali ya Afrika ilijua. Hata hivyo miaka miwili nyuma, Julai 1975, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Kampala kwa mwaliko wa Amin, wakamfanya mwenyekiti wao. Tanzania ilikataa kuhudhuria. Lakini kukataa kuhudhuria si kumzuia. Mkataba wa Umoja ule, uliotiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1963, ulikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na Azimio la Cairo la mwaka 1964 lilisema mipaka tuliyoachiwa na wakoloni iheshimiwe. Na aliyelileta azimio hilo Cairo alikuwa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Hakuwa amekosea. Bara zima lilikuwa na mipaka iliyochorwa na wageni bila kuangalia kabila wala mto, na kama kila nchi ingeanza kudai chake, tungalikuwa tunazikana hata leo.

Hivyo muundo haukuanguka kutoka mbinguni. Watu tunaowajua majina walikaa ukumbini wakaupiga misumari. Na nyumba waliyoijenga ili kuwakinga wanyonge dhidi ya majirani wenye nguvu, ndiyo iliyomkinga muuaji dhidi ya majirani wenye huruma.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Amin walivuka mpaka, wakaishika ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, wakaua watu na kuchukua ng'ombe, na Amin akatangaza kwamba sehemu hiyo ni ya Uganda. Tukapigana. Hadi mwanzoni mwa 1979 tulikuwa tumekwisha kuwaondoa katika ardhi yetu. Hapo ndipo ilipo njia panda. Muundo ulimruhusu Nyerere kufika mpakani, basi. Lakini majeshi yetu pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliendelea, Masaka, kisha Entebbe, hata Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, ingawa Libya ilikwisha kuleta askari kumsaidia Amin. Julai ya mwaka ule, katika mkutano wa Monrovia, baadhi ya wakuu wa Afrika waliisema Tanzania vikali kwa kuvunja kanuni. Waliokaa kimya wakati wa Luwum walipata sauti.

Naomba mtulie hapa, maana watu wengi hupita upesi. Kama tulikwenda Kampala kwa sababu Amin alikuwa muuaji, kwa nini hatukwenda 1977? Na kama tulikwenda kwa sababu alichukua ardhi yetu, kwa nini hatukusimama tulipoirudisha? Mtu wa upande wa Waltz atakuambia: nchi haiendi vitani kwa machozi ya jirani, huenda kwa usalama wake, na Amin akiachwa na jeshi lake angerudi tena. Naona kuna ukweli mwingi katika jibu hilo. Damu ya Waganda haikutosha kututoa nyumbani. Ilibidi iwe ni ardhi yetu. Ni neno chungu kuliandika katika jarida la kanisa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Walakini si ukweli wote. Nchi nyingi zimevamiwa, zikamrudisha mvamizi mpakani, zikatulia. Kuvuka kulikuwa ni uamuzi. Kuna mtu aliyeamua, akijua kwamba ataivunja boriti aliyoipiga msumari yeye mwenyewe Cairo. Muundo ulifungua milango miwili mitatu, ukafunga mingine. Haukumpitisha yeyote.

Tena angalieni yaliyofuata. Mwaka 1994 Rwanda iliteketea, na kanuni ile ya kutoingilia ilikuwa bado imesimama. Mwaka 2000, Lomé, wakuu wa Afrika waliandika katiba mpya ya Umoja wa Afrika, na kifungu cha nne kinaupa Umoja haki ya kuingia ndani ya nchi mwanachama pakiwa na mauaji ya halaiki, uhalifu wa kivita, au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Sisemi kwamba kifungu hicho kimeokoa wengi. Kuandika ni jambo moja, na wanaopaswa kukitumia ni walewale wanaoogopa kutumiwa siku moja wao wenyewe. Nasema tu kwamba muundo waliouita dunia ilivyo mwaka 1977 sio uleule leo, na waliougeuza ni watu.

Kuna hatari katika mafunzo haya yote, nami sitaki kuificha. Neno muundo ni tamu sana mdomoni mwa mwenye nguvu. Mwaka 416 kabla ya Kristo watu wa Athene walikizingira kisiwa kidogo cha Melos kilichotaka tu kuachwa bila upande katika vita. Mwandishi wao wenyewe, Thukidide, ameeleza jinsi wajumbe wa Athene walivyowaambia wenyeji kwamba habari za haki ni za walio sawa kwa nguvu, na kwamba wao Waathene hawakuitunga kanuni hiyo, waliikuta na wataiacha. Wakawaua wanaume, wakawauza wanawake na watoto. Tunaweza kusema kwamba walikuwa wanafalsafa wazuri wa muundo. Miaka kumi na miwili baadaye Athene yenyewe ilishindwa vita na ikawa chini ya rehema za wengine.

Mchungaji mmoja wa Marekani, Reinhold Niebuhr, aliyefanya kazi miaka mingi katika mji wa magari, Detroit, kabla ya kuwa mwalimu wa theolojia New York, aliandika mwaka 1932 kwamba mtu mmoja mmoja aweza kujizuia na kumfikiria mwenziwe, ila watu wakiwa kundi, hasa taifa, uwezo huo hupungua sana. Nakubaliana naye, na ushahidi wangu sio wa mataifa.

Mwaka 1986, katika shule moja niliyofundisha, nilikuwa mwalimu wa zamu juma ambalo wanafunzi wasiolipa mchango wa madawati walitakiwa warudishwe nyumbani. Binti mmoja wa darasa la sita, mwenye akili ya hesabu kuliko wenziwe wote, alisimama mbele yangu akaniambia kwamba baba yake ni mgonjwa. Nilimwambia, "Mwanangu, si mimi, ni utaratibu." Nilisema kweli. Utaratibu haukuwa wangu. Nisingemrudisha mimi, mwalimu mwingine angemrudisha siku ya pili. Hakurudi tena shuleni. Baada ya miaka mingi nilimkuta akiuza maandazi stendi, akapiga goti kidogo kama walivyofunzwa, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba, nikanunua maandazi manne ambayo sikuyahitaji.

Nimeuliza mara nyingi, utaratibu ule ulikuwa wapi? Haukuwa ukutani. Haukuwa katika barua, maana barua ni karatasi. Asubuhi ile, mahali pale penye mwembe, utaratibu ulikuwa ni mimi. Haukuwa na mkono mwingine wa kumwonesha yule mtoto njia ya nyumbani isipokuwa mkono wangu. Na ni kweli vilevile kwamba nisingalikuwa na sababu yoyote duniani ya kumfukuza kama muundo ule usingalikuwapo. Nimejaribu kuondoa moja ya kauli hizo mbili ili nyingine ibaki peke yake, sikuweza. Ninaposoma Wendt akisema kwamba watu huufanya muundo na muundo huwafanya watu, ninamwona yule binti na sare yake.

Basi dada, jibu langu, kwa kadiri ninavyoweza, ni hili. Dunia ilivyo ndiyo iliyofanya kwamba Amin asiwe na wa kumzuia kwa miaka minane, na kwamba wa kumzuia asitoke mahakamani bali atoke kijijini kwetu akiwa na bunduki. Kwa hilo dunia ina deni kwako, na deni hilo lina majina ya watu waliokaa katika vikao na kunyamaza. Lakini askari wa Amin walivuka kwa amri ya Amin, naye angeweza kutoitoa. Nyerere naye aliamua kuvuka, naye alijua kwamba uamuzi huo utagharimu waume za watu. Sidhani alikosea. Ila sidhani pia kwamba una haki ndogo ya kumwuliza kwa kuwa hakukosea.

Nilimsomea dada karatasi hizi nyumbani kwake kabla ya kumpa Mhariri. Alisikiliza hadi mwisho akichambua mchicha. Habari za kulungu zilimchekesha. Habari za binti wa madawati hakusema kitu. Kisha akaniambia niyasome tena maneno ya mwanzo, yanayomtaja mume wake. Nilikuwa nimeandika kwamba alipelekwa vitani.

"Futa hapo," akasema. "Hakupelekwa. Jina lake halikuwamo katika orodha ya kwanza. Alikwenda mwenyewe ofisini wakamwandika. Mimi nilikuwa nimebeba mtoto mgongoni, nikamwambia asiende, akaenda."

Nimefuta.